Yeye anafyeka pori, mimi nabeba maji

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka porini, na ninaposema pori ni pori kweli. Mtandao wenyewe naupata nikipanda juu ya kichuguu.

Mimi na mume wangu tuliishi Mbagala, Dar es Salaam, tangu tuoane. Yeye fundi magari, mimi mama lishe. Watoto ni wawili: mkubwa yuko bweni kidato cha pili, mdogo ana miaka minane, tumemwacha kwa mama yangu. Msimu wa 2024, bei ya korosho mnadani ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, gereji nzima haikuwa na habari nyingine. Kila fundi akawa na mjomba Tandahimba kwenye mikorosho. Mwenzake mmoja, mwenyeji wa Lindi, akampeleka kuona mashamba, naye akarudi ameshanunua ekari 15 za pori ndani huko upande wa Mchinga. Hela ilitoka kwenye kiwanja chetu cha Chamazi tulichokuwa tujenge. Aliniuliza, nikakubali. Sikushikiwa panga.

Aliyemuuzia ni kijana wa pale pale, alisema ni shamba la marehemu baba yake. Karatasi imeandikwa kwa mkono, ina jina la mume wangu, sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili.

Nyumba yetu ni ya miti na udongo, juu nyasi na turubai. Mlango ni bati tunalofunga kwa kamba. Maji yako bondeni, kisima cha kuchimba kwa mkono. Masika hakina shida, lakini sasa hivi kiangazi kimekolea, unachuchumaa pembeni na kopo, unakomba kilichopo, unasubiri yajikusanye, unakomba tena. Ndoo moja ikijaa jua limeshapanda, na maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Halafu kuna kilima cha kurudi.

Mume wangu yuko na pori. Kaajiri vijana wenye mapanga na mmoja mwenye chenso, wameshafyeka ekari nne na anataka zote 15 ziwe wazi kabla mvua hazijaanza. Hela tuliyotenga ya tangi imelipa vibarua. Nikisema maji, ananijibu tutavuta mikorosho ikianza kuzaa. Mikorosho yenyewe bado iko kwenye mdomo wake, hatujapanda hata mche.

Msimu uliopita tulilima mahindi, nguruwe wakayamaliza. Mwaka huu amesema atajenga dungu alale shambani kuyalinda. Mimi nitalala na bati langu na kamba yangu.

Kuna mzee mmoja wa kijijini ameshakuja kwetu mara kadhaa. Anasema upande wenye miembe mitatu mikubwa ni kwao, alikuwa akikaa mjomba wake. Mume wangu hamkaribishi hata kukaa. Jibu lake ni moja: "Karatasi ninayo."

Sasa Shangazi, usinione namchukia. Mbagala alikuwa anakunywa, wewe acha tu. Tangu tuhamie huku hajagusa. Analala mapema, anacheka, jioni ananisimulia mti gani kauangusha kama mtoto anayesimulia mpira. Ndiyo maana naogopa. Nikirudi mjini nitamrudisha kwenye chupa, nikibaki nitakufa na ndoo. Yeye anasema mwanamke anayeacha shamba ameacha ndoa. Nifanyeje?

Mama wa Wawili, Lindi

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali uliposema mumeo amebeba ndoo. Sijapaona. Hapo ndipo nitakapoanzia, maana mtu asiyebeba maji hawezi kujua kwamba maji ndiyo kazi ya kwanza ya shamba jipya. Kwake pori ndilo adui, analiona, analipiga panga linaanguka. Kiu ya nyumba yake haioni kwa sababu akirudi jioni mtungi umejaa.

Mimi nimekulia Newala, juu kule ambako ardhi inakunywa mvua yote na kisima huchimbi ukapata. Mama zetu walishuka bondeni Kitangari usiku wa manane wakapanda na maji alfajiri. Lakini pia nimeona walivyojiokoa: kila aliyepata uwezo wa bati, kabla ya kiti cha sofa, alichimba shimo la maji uani, akalisakafia kwa saruji, akaelekeza gata ndani. Watu walioa na kuzaa kwa maji ya paa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa maji ni jambo la baadaye.

Mpe hesabu, mafundi wanapenda hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa inatoa lita moja ya maji. Banda la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48. Toa yanayoruka na kumwagika, unabaki na kama lita 38 kwa kila milimita. Ukanda wenu hupata milimita 900 hivi kwa mwaka, kwa hiyo bati za banda moja tu zinakuletea zaidi ya lita 30,000 ambazo sasa zinateremka kwenda bondeni ili wewe uzifuate. Tangi la lita 5,000 linajazwa na mvua za milimita 130, yaani hata kabla msimu haujafika nusu. Matangi mawili yakifika mwezi Mei yamejaa, mkitumia ndoo tatu za lita 20 kwa siku, yanawafikisha mwishoni mwa Oktoba. Huko kisimani utakwenda kufua tu, kwa hiari yako.

Nyasi hazikingi maji ya kunywa, kwa hiyo bati kwanza. Si lazima nyumba ya kudumu. Simamisheni nguzo, pigeni bati geji 30, gata upande mmoja, hata kama chini yake pako wazi mkapafanya jiko na stoo. Mvua ya kwanza ya msimu iacheni ioshe paa na kumwagika, ndipo mfungulie tangi. Mdomo wa tangi ufungwe wavu mbu asiingie kutaga. Ya kunywa chemsha au weka dawa, popo na ndege nao wanatembea juu ya bati.

Hela itoke wapi? Itoke kwenye ekari 11 ambazo hazijafyekwa. Hapa nataka mumeo anisikilize vizuri. Mkorosho unapandwa mita 12 kwa 12, ndivyo wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wanavyoshauri, na ekari moja inachukua miche 28 tu. Ekari zenu nne zilizo wazi zinatosha miche 112. Kila mche utataka shimo, kupaliliwa, kupogolewa, na ukishakua utataka dawa ya salfa kati ya Mei na Agosti, ugonjwa wa ubwiri unga usiunguze maua. Nani atafanya hayo kwenye ekari 15? Pori ukilifyeka usilipande, visiki vinachipua, na mwaka unaofuata unamlipa kijana yule yule wa chenso kwa ardhi ile ile. Tena udongo wenu wa kichanga ukibaki uchi, mvua ya Desemba inaukokota.

Watu wenye pesa kuliko mumeo wameshajaribu. Waingereza walikuja Nachingwea baada ya vita ya pili ya dunia na matingatinga yao, wafyeke pori walime karanga, wakajenga na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, na miaka ya 60 hata reli ikang'olewa.

Miche ya kubebesha ikitunzwa huanza kuonyesha korosho mwaka wa tatu, na hizo ni za kuonja. Hela ya maana iko mbele zaidi. Kwa hiyo "tutavuta mikorosho ikizaa" maana yake ni ndoo kichwani miaka mitatu, minne, mitano. Muulize kama ndivyo alivyokusudia, kwa upole, halafu nyamaza asikie mwenyewe.

Wakati mnasubiri, katikati ya miche pandeni ufuta Januari au mwanzoni mwa Februari, mnavuna Mei na Juni, unauzwa mnadani kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kama korosho. Pandeni na mbaazi, kunde, karanga kidogo. Ufuta nguruwe hana hamu nao. Mahindi yawe ya kula tu, robo ekari karibu na nyumba ambako mbwa anabweka na moto unawaka.

Na dungu hapana. Hili silisemi kwa utani. Kusini huku kati ya 1990 na 2004 simba walikamata watu wengi, Lindi ikiwamo, na watafiti waliofuatilia walikuta mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, wakati watu wanalala mashambani kulinda mazao. Nguruwe anafuata mahindi, simba anafuata nguruwe, na mtu kalala katikati yao na tochi. Kama kwenu simba hajasikika siku hizi, mshukuruni Mungu, lakini gunia la mahindi linanunulika sokoni Lindi. Na lile bati la kamba libadilishwe wiki hii, mlango wa mbao wenye komeo la ndani. Kijana wa chenso amewaachia magogo, fundi hakosekani.

Magogo hayo nayo: kama kuna mpingo, mninga au mkongo umeanguka humo, msiuze wala kusafirisha kabla ya kumwona ofisa misitu wa wilaya. Mti kuwa shambani kwako hakukupi kibali.

Sasa karatasi. Mwanangu, hiyo karatasi inanitisha kuliko nguruwe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ardhi ya kijiji iko chini ya Halmashauri ya Kijiji, na ugawaji wake unapitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kuwapa wageni ardhi, wala sahihi yake haigeuzi mauziano ya watu wawili kuwa haki. Hata kijana aliyeuza, kama kweli lilikuwa lake, uhamisho ulipaswa kupita Halmashauri. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, mwulizeni kama shamba lenu lipo kwenye kumbukumbu zake. Ombeni suala lenu lipelekwe Halmashauri na mkutanoni, mpimiwe, mpate Hati ya Haki Miliki ya Kimila. Fanyeni hivyo kabla ya kuchimba shimo la mche hata mmoja, maana mkorosho ukishaota kwenye ardhi ya ugomvi, kesi yake itawazeesha.

Na hati hiyo iwe na majina mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi: mali ikiwa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa majina ya wote wawili inachukuliwa wana haki sawa. Kiwanja cha Chamazi kililiwa na ekari hizi, na kiwanja kile kilikuwa na jasho la wali wako pia. Usione haya kulisema. Mume aliyeacha pombe na anayecheka jioni hatashindwa kuandika jina la mkewe. Akishindwa, utakuwa umejifunza jambo ambalo pori lilikuwa limekuficha.

Mzee wa miembe simwoni kama msumbufu. Miembe mitatu mikubwa haioti porini kwa bahati, mtu alikaa hapo akala embe akatupa kokwa. Huku kwetu kila penye miembe na mikorosho mizee katikati ya pori, jua ni mahame. Watu waliondolewa wakati wa Operesheni Vijiji, kuanzia 1973, wakapelekwa kukaa pamoja kando ya barabara, na pori likarudi nyuma yao. Sheria ilitambua ugawaji uliofanyika wakati ule, kwa hiyo mzee huyo huenda hana haki ya kuwatoa. Lakini anajua kaburi la nani liko wapi, nyinyi hamjui.

Sikiliza pia neno alilotumia: mjomba. Kwa Wamwera na Wamakonde wa asili, mali ya mwanamume ilikuwa inakwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada, na ukoo unahesabiwa upande wa mama. Kijana kawauzieni shamba la baba yake. Kwa kanuni za wazee, shamba la baba si la kijana kuuza, lina wajomba na wapwa ambao hakuna aliyewauliza. Siku hizi mambo yamechanganyika, dini na sheria zimeingia, familia nyingi zinagawa kwa watoto. Lakini mzee anaposema "kwa mjomba wangu" anataja hati yake, na wanakijiji wenzake wanamwelewa vizuri.

Nendeni kwake wote wawili. Msitangulize karatasi. Kaeni mkekani, mwulizeni nani alikuwa akiishi pale na kama kuna makaburi. Kama yapo, mumeo ayazungushie ukanda usiofyekwa, na embe za ile miembe ziwe za mzee na wajukuu zake kila msimu. Akiridhika, mwombeni awe shahidi wenu kwenye Halmashauri. Shahidi mmoja wa namna hiyo anawafaa kuliko sahihi ya kitongoji. Kama haridhiki, lipelekeni Baraza la Ardhi la Kijiji lisuluhishe mapema, wakati bado mna ekari nne za kubishania na hamjawekeza kumi na tano.

Mambo madogo nayapitia. Kuku uliowafuga, kama unao, wachanjwe kideri, tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, la sivyo utaamka siku moja banda limelala. Ng'ombe wa maziwa msilete mpaka muulize kama kuna mbung'o. Stoo iwe na chakula, chumvi na dawa za wiki kadhaa wakati wa masika. Unakumbuka barabara ya Dar ilivyokatika Somanga Mei 2024? Waliokuwa na akiba walisubiri wakiwa wamekaa. Msiba ukitokea kijijini nenda, hata kama hujui marehemu ni nani. Mgeni anayeonekana msibani haitwi mgeni muda mrefu. Mtoto wa miaka minane aendelee kwa bibi yake mpaka maji yawepo na uwe umetembea mwenyewe njia ya kwenda shule, asubuhi, ukiwa na viatu vyake mawazoni.

Hilo la pombe nimelibakiza mwisho kwa sababu ndilo lililokufunga. Kuacha kwake ni jambo kubwa, na inawezekana kabisa kwamba kazi ya pori ndiyo imemsaidia: amechoka, ameona matokeo ya mikono yake, na chupa iko mbali. Lakini aliyeacha ni yeye. Wewe si kizibo cha chupa. Ukikaa huko ili asinywe, siku akinywa utahesabu ni kosa lako, na siku zote asipokunywa utakuwa unalipa kwa shingo yako. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Nafurahi ulivyo sasa, nataka nikae na huyu mtu miaka mingi, lakini kwa hali hii ya maji sitafika." Anayesikia maneno hayo akajibu habari za ekari, mrudishe kwenye maneno hayo hayo.

Mpe pia kazi ya kufanya, maana mwanamume mwenye panga akiambiwa aache tu atanuna. Vibarua walipwe chao leo, wasimame. Nguvu zake za mwezi huu ziende kwenye nguzo za banda la bati, gata na sakafu ya kukalia tangi. Yeye fundi, ataipenda. Na mpaka mvua ziingie, bondeni mshuke wote, ndoo yake na ndoo yako. Akichuchumaa pale na kopo kwa wiki moja, nadhani hesabu ya lita nilizoandika hapo juu ataipiga mwenyewe.

Kuhusu kuondoka: usiondoke sasa. Kaa upitie mvua hizi. Ikifika Machi bati zimepigwa, tangi lina maji na jina lako limeshasomwa kwenye kikao cha Halmashauri, lima ufuta wako. Ikifika Machi bado unashuka na kopo huku ekari ya kumi inafyekwa, panda basi urudi Mbagala kwa mwanao, ufungue biashara yako. Mwambie mapema tarehe hiyo, asije akasema umemtoroka, na mwambie atakapoweka tangi akupigie simu.

Shangazi